Ghala Moja la Picha Halitoshi

(Haya ni maneno yaliyosemwa mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia waliokuja kwa mafunzo ya siku moja juu ya kurekodi picha na sauti. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili hata vikundi ambavyo havikufika vipate faida. – Mhariri)



Nimeombwa niongee juu ya mahali pa kuweka picha za video na sauti tukishazirekodi. Najua wengi wenu mngefurahi zaidi kama ningeongea juu ya kamera. Mtu akibeba kamera begani watoto humkimbilia, lakini diski haikimbiliwi na mtu. Hata hivyo, kamera ikivunjika kikundi kitachanga na kununua ingine. Maneno ya mzee aliyekwisha fariki hayauzwi dukani.

Neno langu la leo ni moja, na nitalirudia mpaka mlichoke. Ghala la pamoja hutusaidia kufanya kazi pamoja, lakini halitukingi na hasara. Kinachotukinga ni nakala iliyo mbali na ghala hilo. Haya ni mambo mawili, na vikundi vingi huyachanganya.

KAZI IMEKUWA YA WATU WENGI

Zamani kurekodi ilikuwa kazi ya mashirika makubwa ya utangazaji. Sasa imefika kwetu. Redio ya jamii ya Mang'elete kule Makueni ilianzishwa na vikundi vya akina mama, ikaanza kurusha matangazo mwaka wa 2004. Koch FM ilianzishwa na vijana wa mtaa wa Korogocho, Nairobi, mwaka wa 2006. Na vikundi visivyo na redio hurekodi kwa simu au kwa kamera ndogo: jinsi ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, mkutano ambapo majirani walikubaliana zamu ya maji, nyimbo za akina mama, hadithi za wazee. Wengine hupiga video za harusi ili mfuko wa kikundi upate kitu.

Katika kazi hii mtu hayuko peke yake. Mmoja anapiga picha, mwingine anazikata na kuziunganisha, mwingine anatia sauti, na mwingine anaandika maelezo. Wote wanazitaka picha zile zile, na pengine saa ile ile. Hapo ndipo swali la ghala la pamoja linapokuja.

TUPIME MZIGO KWANZA

Hakuna mtu anayejenga ghala kabla ya kujua ana magunia mangapi. Hebu tupige hesabu.

Kamera nyingi za kazi hurekodi kwa kasi ya megabiti 50 kwa sekunde. Megabiti 8 ni megabaiti 1, kwa hivyo kila sekunde ni megabaiti 6 na robo. Saa moja ina sekunde 3,600. Ukizidisha unapata kama gigabaiti 22 na nusu kwa saa moja ya video. Simu ni nyepesi zaidi: saa moja huwa gigabaiti 4 hadi 8, kulingana na simu na jinsi ilivyotegeshwa. Sauti peke yake, hata ikirekodiwa kwa ubora wa sidii, haifiki gigabaiti moja kwa saa.

Tuseme kikundi chenu kinarekodi saa 3 kila wiki kwa kamera. Hiyo ni gigabaiti 67 na nusu kwa wiki. Kwa wiki 52 ni gigabaiti 3,510, yaani terabaiti tatu na nusu. Diski moja ya terabaiti 4 itakuwa karibu kujaa mwaka ukiisha. Kumbukeni hesabu hii mkienda dukani, maana muuzaji hajui mnarekodi saa ngapi. Ninyi ndio mnajua.

AINA ZA MAGHALA

Sasa tuangalie aina zenyewe. Nitatumia mfano wa ghala la mahindi, kwa sababu sote tunalijua.

Ya kwanza ni diski ya nje, ile inayochomekwa kwenye kompyuta moja kwa waya. Hii ni kama debe la mahindi chini ya kitanda chako. Ni bei nafuu, ni ya haraka, na fundi yeyote anaijua. Shida yake ni kwamba anayeitumia ni mmoja. Mwenzako akiitaka, lazima uichomoe umpelekee, na wewe ukae ukingoje. Ikizunguka kwa watu watano, siku moja itaangushwa au itasahauliwa kwenye matatu. Jambo lingine dogo: diski au flashi iliyopangwa kwa mtindo wa zamani unaoitwa FAT32 haikubali faili moja linalozidi gigabaiti 4. Fundi akiwapangia, mwambieni aitengeneze kwa mtindo wa exFAT, ambao kompyuta nyingi za leo huusoma.

Ya pili ni sanduku la diski linalounganishwa kwenye mtandao wa ofisi. Mafundi huliita NAS. Hili ni ghala lenye mtunza ghala. Wewe huingii ndani. Unasimama mlangoni na kusema, "Nipe faili la harusi ya Jumamosi," naye anakuletea. Watu watatu wanaweza kuomba kwa wakati mmoja kila mtu akiwa kwenye kompyuta yake, na mtunza ghala anajua nani ameruhusiwa kuchukua nini. Kwa kikundi chenye chumba cha kazi na kompyuta mbili, tatu au nne, aina hii ndiyo inayofaa mara nyingi.

Lakini njia ya kwenda ghalani iwe pana. Waya wa mtandao wa gigabiti 1 hupitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde. Video yetu inahitaji 6 na robo. Watu watatu, kila mmoja akitazama picha za kamera mbili pamoja, watahitaji kama 38, na waya huo unatosha. Vifaa vya zamani vya megabiti 100 hupitisha megabaiti kama 11 tu. Hapo mtu mmoja anaweza kufanya kazi, lakini watatu wataona picha zinakwamakwama, nao watasema sanduku ni bovu kumbe ni waya. Wai-fai nayo hupanda na kushuka, kwa hivyo kwa kukata video tumieni waya.

Ya tatu ni ile ya vituo vikubwa vya televisheni, inayoitwa SAN. Huku hakuna mtunza ghala wa kukuletea. Kila kompyuta ina njia yake ya kuingia ghalani na kushika magunia yenyewe, kama kwamba diski zile zimechomekwa kwake. Ndiyo maana ni ya kasi sana na makumi ya watu wanaweza kufanya kazi pamoja. Lakini hebu fikirini: watu wawili wakiingia ghala moja gizani, mmoja akamimina mahindi na mwingine maharagwe katika gunia lile lile, itakuwaje? Kwa sababu hiyo SAN inahitaji programu maalum ya kusimamia, kama karani mlangoni anayeandika nani ameshika gunia gani. Inahitaji pia vifaa vya bei na fundi wa kudumu. Mtu akitaka kukiuzia kikundi chenu kitu hiki, mwulizeni ni watu wangapi watakitumia kwa siku, halafu mrudi kwenye hesabu yetu.

Ya nne ni kuweka vitu kwenye kompyuta za kampuni fulani huko mbali kwa njia ya intaneti. Watu huita wingu. Uzuri wake ni kwamba moto ukichoma ofisi yenu, wingu halichomeki nao, na mwanakikundi aliye Mombasa anaweza kuona kazi ya mwenzake aliye Kitui. Ubaya ni njia ya kufika huko. Ile saa moja ya video yenye gigabaiti 22 na nusu, ikipandishwa kwa intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde, itachukua saa 10 mfululizo, stima isipopotea. Na malipo ni ya kila mwezi au kila mwaka. Mkiacha kulipa, vitu vyenu haviko salama tena. Kwa sauti, maandishi na video zilizokwisha tengenezwa, wingu linafaa. Kwa mikanda mibichi ya kila wiki, pigeni hesabu kwanza.

Ya tano ni kanda. Ndiyo, kanda hazijaisha! Mashirika ya utangazaji bado huweka kazi za miaka mingi kwenye kanda za aina ya LTO, ambazo zilianza kuuzwa mwaka wa 2000. Kanda moja ya kizazi cha tisa hubeba terabaiti 18, na ikiwekwa mahali pakavu penye baridi ya wastani huweza kudumu kama miaka 30. Kanda iliyo rafuni haili stima na mwizi wa intaneti hawezi kuifikia. Mashine ya kuisoma ndiyo ghali, kwa hivyo hii si ya kikundi kimoja. Lakini ikiwa vikundi vya kaunti nzima vingeungana, au vingeomba nafasi kwenye chuo chenye mashine hiyo, hilo ni jambo la kuzungumziwa.

CHA WOTE HUHARIBIKA KWA WOTE

Sasa nije kwenye lile neno langu.

Mwaka wa 1998 kampuni ya filamu ya Pixar kule Marekani ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni iitwayo Toy Story 2. Wafanyakazi wote walitumia ghala moja la pamoja. Siku moja mtu akaipa kompyuta amri ya kufuta, na amri ile ikapita katika mafaili ya filamu yenyewe. Watu wakiwa kazini wakaona vitu vinatoweka mmoja baada ya mwingine. Sehemu kubwa ya filamu ikaenda. Wakakimbilia nakala za akiba, wakakuta nakala zenyewe hazikuwa zikifanya kazi sawasawa, na hakuna aliyekuwa amezijaribu.

Kilichowaokoa ni mama mmoja, Galyn Susman, msimamizi wa ufundi wa filamu hiyo. Alikuwa amejifungua, na ili afanye kazi akiwa na mtoto alikuwa na kompyuta nyumbani iliyokuwa na nakala ya filamu. Wakaifunga kompyuta ile kwa mablanketi na kuileta kwa gari pole pole. Filamu ikatolewa mwaka wa 1999.

Tazameni vizuri jambo hili. Watu wale hawakuwa maskini wa vifaa. Ghala lao lilikuwa zuri kuliko lolote tutakalonunua sisi. Lakini kwa sababu lilikuwa la wote, amri moja iliwaharibia wote kwa mara moja. Nakala iliyopona ni ile iliyokuwa mbali, nyumbani kwa mtu.

Muuzaji atawaambia, "Sanduku hili lina RAID, msiwe na wasiwasi." RAID ni njia ya kupanga diski kadhaa ili moja ikifa kazi iendelee. Kwa mfano, mkiwa na diski mbili zinazoandika kitu kile kile, moja ikifa ile ingine inaendelea. Mkiwa na tatu kwa mpango uitwao RAID 5, mnapata nafasi ya mbili, na yoyote ikifa hakuna kinachopotea mradi mwiweke mpya upesi. Ni jambo jema sana. Lakini mtu akifuta faili, limefutwa kwenye diski zote papo hapo. Moto ukiingia, zote zimo chumba kimoja. Mwizi akija, anabeba sanduku zima. RAID hukinga na kifo cha diski, basi.

Kuna hasara nyingine ambayo huja bila ajali yoyote. Mwaka wa 1969 wanadamu walipotua mwezini kwa mara ya kwanza, shirika la NASA lilirekodi mawimbi ya picha kwenye kanda kubwa. Picha zilizorushwa kwa televisheni zilibaki, na ndizo tunazoziona mpaka leo. Lakini zile kanda asilia, zilizokuwa na picha safi zaidi, zilitafutwa kwa miaka, na mwaka wa 2009 NASA ikatangaza kwamba inaelekea zilifutwa na kutumiwa tena kwa kazi nyingine. Kanda zilikuwa zimepungua, na mtu akachukua iliyokuwa karibu. Je, ni vikundi vingapi hufuta kadi ya kamera Ijumaa jioni kwa sababu kesho kuna harusi?

Wala wingu peke yake halitoshi. Mwaka wa 2019 kampuni ya MySpace ilikiri kwamba nyimbo, picha na video ambazo watu waliziweka kwake kwa miaka 12 zilipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Wengi hawakuwa na nakala nyingine.

KANUNI YA TATU, MBILI, MOJA

Mpiga picha mmoja wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni rahisi ambayo kikundi chochote kinaweza kuifuata. Muwe na nakala TATU za kitu cha maana. Ziwe katika vyombo vya aina MBILI. Na nakala MOJA ikae mahali pengine mbali.

Kwa kikundi cha kijijini inaweza kuwa hivi. Nakala ya kwanza iko kwenye sanduku la mtandao, au diski ya kompyuta ya kazi. Ya pili iko kwenye diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa wiki, kisha inachomolewa na kufungiwa kabatini. Msiiache imechomekwa, maana radi ikipiga au stima ikirudi kwa nguvu zitaungua pamoja. Ya tatu, kwa zile kazi ambazo haziwezi kurudiwa, iwekwe kwenye diski nyingine nyumbani kwa mweka hazina, au kwenye wingu kama intaneti inaruhusu. Na kadi ya kamera isifutwe kabla nakala mbili hazijafunguliwa na kutazamwa. Nimesema kutazamwa. Kuona jina la faili tu hakutoshi.

Tena kila baada ya miezi mitatu, mtu afungue nakala ya mbali na kucheza mafaili machache. Akiba haiozi, wazee husema, lakini akiba hii huoza. Diski huchoka, na flashi na kadi si vyombo vya kuwekwa miaka mingi. Baada ya miaka kama mitano, hamisheni vitu kwenye diski mpya hata kama ile ya zamani bado inazunguka.

NANI ANASHIKA UFUNGUO?

Vikundi vingi vya akiba vina sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu wasiotoka nyumba moja. Hamkufanya hivyo kwa kutoaminiana. Mlifanya ili mwanakikundi yeyote asije akasingiziwa. Fanyeni hivyo hivyo kwa ghala la picha.

Sanduku la mtandao linaweza kumpa kila mtu jina lake na ruhusa yake. Gaweni ghala sehemu tatu. Sehemu ya picha mbichi: wote wasome, asiwepo wa kufuta. Sehemu ya kazi inayoendelea: wanaokata video waandike na kubadilisha. Sehemu ya kazi zilizokwisha: katibu peke yake aweke, wote watazame. Neno la siri la msimamizi lijulikane na watu wawili na liandikwe kwenye bahasha iliyofungwa, ili mmoja akihama au akiugua ghala lisifungwe milele.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni tarehe kwanza katika jina la kila faili, mwaka, mwezi na siku, kisha mahali na jambo. Katika daftari la kawaida andikeni ni nani aliyerekodiwa, nani alirekodi, na nakala ziko wapi. Faili linaloitwa "video mpya 2" halitamsaidia mtu yeyote baada ya miaka mitano.

Andikeni pia kama mtu huyo alikubali. Sura ya mtu na sauti yake ni mali yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka tuvilinde, na kwa mtoto ni lazima mzazi au mlezi akubali. Mama aliyeeleza shida ya nyumbani kwake mbele ya kamera yenu amewaamini. Ghala lisilo na kufuli linaweza kumwaibisha kijiji kizima kikiona.

Mwisho, msingoje sanduku la bei. Kama mfuko wa kikundi ni mdogo, anzeni na diski mbili za nje na daftari moja. Kikundi chenye diski mbili zilizo nyumba mbili kimejikinga kuliko kile chenye sanduku kubwa moja. Kazi ikiongezeka na watu wakianza kungojana, hapo ndipo mnunue ghala la mtandao, na zile diski mbili ziendelee na kazi yake ya kutunza nakala.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kikundi chetu kinarekodi saa ngapi kwa wiki? Kwa mwaka ni gigabaiti ngapi?
2. Ni watu wangapi wanaohitaji picha zile zile kwa wakati mmoja? Je, tunahitaji ghala la mtandao sasa, au diski mbili zinatosha?
3. Kati ya vitu tulivyokwisha rekodi, ni vipi ambavyo haviwezi kurekodiwa tena? Nakala zake ziko nyumba ngapi?
4. Nani ana ruhusa ya kufuta? Nani aliamua hivyo?
5. Tuchague leo mtu wa kufungua nakala ya mbali na kuijaribu. Atatuletea ripoti katika mkutano gani?